Tusisingizie televisheni, tuwakamate wala hongo



Kuna jambo linalozungumzwa sana siku hizi, vijijini na mijini. Jambo lenyewe ni madai kwamba matokeo ya mpira wa kulipwa hupangwa ofisini, ati ili watazamaji wa televisheni waongezeke, magazeti yauze na wadhamini wapate jina. Penalti ikitolewa dakika ya 90, watu waliojaa kibanda umiza husema, "Hiyo imepangwa." Timu kubwa ikifungwa na ndogo, imepangwa. Ndogo ikifungwa na kubwa, imepangwa vilevile. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na sasa maneno haya nayasikia kwa watoto wa darasa la sita.

Sisemi kwamba wananchi wanaoshuku ni wajinga. Wanazo sababu. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za kuonyesha Ligi Kuu wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha nyingi kiasi hicho lazima zimfanye mtu ajiulize anayelipa anataka nini. Mwaka 2017 kampuni moja ya michezo ya kubahatisha iliingia mkataba wa kuzidhamini Simba na Yanga zote mbili, yaani watani wa jadi wakawa na mfadhili mmoja. Na tangu mwaka 2001 hadi 2025 ubingwa wa Bara umetoka mikononi mwa timu hizo mara moja tu, Azam ilipouchukua msimu wa 2013/14. Mwenye kuyaona haya akauliza maswali hana kosa.

Lakini, ndugu wasomaji, kuuliza ni jambo moja na kuhukumu ni jingine. Hebu tuyapime madai haya kwa mambo yaliyokwisha kutokea duniani.

Kama televisheni ndiyo ingekuwa inagawa ushindi, ingezilinda timu zenye watazamaji wengi. Mwaka 2006 huko Italia, Juventus, klabu yenye mashabiki wengi kuliko zote nchini humo, ilinyang'anywa ubingwa wa 2005 na 2006 na kushushwa daraja, baada ya simu za viongozi wa klabu na wapangaji wa waamuzi kunaswa. Televisheni ilikula hasara na haikuweza kuizuia hukumu. Italia hiyohiyo, iliyochukua Kombe la Dunia mara 4, ilikosa fainali za 2018 na za 2022. Mwenye kituo cha televisheni cha Roma angekubali hilo? Huko Uingereza mwaka 2016 bingwa alikuwa Leicester City, timu ambayo wachezesha kamari walikuwa wameipa nafasi moja kwa 5,000. Mpira huuzika kwa sababu hakuna ajuaye mwisho wake. Mwenye kuununua kwa mabilioni halafu akauondolea shaka hiyo atakuwa amechoma duka lake mwenyewe.

Sasa tutazame upangaji uliothibitishwa. Tarehe 20 Mei, 1993, Marseille ya Ufaransa iliifunga Valenciennes bao 1-0, siku 6 kabla ya fainali ya Ulaya dhidi ya Milan. Mchezaji wa Valenciennes, Jacques Glassmann, alikataa hongo na akasema hadharani kwamba wenzake wameahidiwa fedha ili wasiwaumize wapinzani na wasikaze. Faranga 250,000 zilikutwa zimefukiwa bustanini kwa jamaa wa mchezaji mmoja. Marseille ikapoteza ubingwa wa Ufaransa na kushushwa daraja, na rais wake Bernard Tapie akafungwa jela.

Mwaka 2005 Ujerumani ilishtuka kusikia kwamba refa Robert Hoyzer alikuwa akipokea fedha za wacheza kamari. Katika mechi moja ya Agosti 2004, Paderborn, timu ya daraja la chini, ilipewa penalti mbili na kuifunga Hamburg 4-2. Waliomtilia shaka na kutoa taarifa walikuwa waamuzi wenzake. Alihukumiwa kifungo cha miaka 2 na miezi 5.

Na tusiende mbali. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatujasahau Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza mwaka 2016. Siku ya mwisho, timu mbili zilizokuwa zikigombea kupanda Ligi Kuu zilishinda kwa mabao 8-0 na 7-0. TFF ilichunguza, timu zilizohusika zikashushwa na baadhi ya viongozi wakafungiwa. Mbao ya Mwanza ndiyo iliyopanda. Mwaka uliofuata Mbao hiyo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Dodoma, ikafungwa na Simba 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Fikirini, kama watu wangenyamaza, vijana wale wangebaki wapi?

Katika visa vyote hivi mkono uliopanga haukuwa wa televisheni. Ulikuwa wa kiongozi wa klabu anayetaka kombe au kupanda daraja, au wa mcheza kamari anayetaka mkeka wake utiki. Visa viwili kati ya hivyo vilihusu timu za madaraja ya chini, mahali ambapo kamera ni chache na posho ni ndogo. Na kilichowafichua hakikuwa uvumi wa kijiweni bali mtu aliyesimama akataja jina, simu iliyonaswa, au magoli yasiyoelezeka.

Je, televisheni haina lawama yoyote? Inayo, lakini ni ya namna nyingine. Siku hizi saa za mechi hupangwa kwa kumfikiria mwenye king'amuzi kuliko mwenye tiketi. Tena fedha na umaarufu huwaendea zaidi wakubwa. Mwenye fedha hununua wachezaji bora, na mwenye wachezaji bora hushinda. Hapo ndipo lilipo jibu la ubingwa kuzunguka mikono miwili. Hiyo si siri ya usiku, ni ukosefu wa uwiano unaoonekana mchana kweupe, nao hutibiwa kwa kanuni za mgawo, si kwa kutukana waamuzi.

Kosa jingine ni la wasimamizi wetu. Tarehe 8 Mei, 2021 mechi ya Yanga na Simba ilisogezwa siku ileile kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. TFF ilisema ni maelekezo ya Wizara. Yanga walishika kanuni ya kutaka taarifa ya saa 24, wakafika kwa saa ya kwanza na kuondoka. Simba wakafika kwa saa ya pili. Mashabiki waliotoka mikoani wakarudi bila kuona mpira. Mechi ilichezwa Julai 3 na Yanga ikashinda 1-0. Wananchi walipokosa maelezo ya kutosha siku ile, kila mmoja alijitungia yake. Uvumi huota mahali palipokosa taarifa, kama magugu katika shamba lisilolimwa.

Madhara ya kuamini kwamba kila kitu kimepangwa ni makubwa. Kwanza, mwizi halisi hupata kichaka cha kujifichia, kwa kuwa mechi zote zikiitwa chafu, ile chafu kweli haitofautishwi na nyingine. Pili, mwamuzi aliyekosea kibinadamu hupigwa mawe kama mla hongo. Tatu, vijana wetu huuza mahindi wakaweka fedha kwenye mikeka wakidhani wamenong'onezwa matokeo "yaliyopangwa". Nne, na hili ndilo linalonitia uchungu kama mwalimu, mtoto anayeamini kwamba mshindi huchaguliwa ofisini haoni sababu ya kufanya mazoezi, wala ya kusoma kwa ajili ya mtihani.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo. Bodi ya Ligi itangaze sababu ya kila badiliko la ratiba kwa maandishi na mapema. Mechi za mwisho zinazoamua kupanda au kushuka zichezwe saa moja, kila ligi na kila daraja. Dunia ilijifunza hilo baada ya mwaka 1982, Ujerumani Magharibi na Austria walipotosheka na bao 1-0 lililowafaa wote na kuitoa Algeria, ambayo ilikuwa imekwisha cheza jana yake. Waamuzi wa madaraja ya chini walipwe posho zao kwa wakati, maana mwenye njaa ni rahisi kununuliwa. TAKUKURU wasiishie kutazama Ligi Kuu, washuke hadi mikoani. Na mchezaji anayetoa taarifa ya hongo alindwe, asifanywe msaliti wa timu.

Kwetu sisi mashabiki, nashauri tuwe na desturi moja. Mtu akisema mechi imepangwa, tumwulize: nani kampa nani, kiasi gani, na nani shahidi? Akiwa na jibu, tumsindikize ofisi ya TAKUKURU. Akiwa hana, tutazame mpira.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Sengerema,
Mwanza.