Mchafuko wa Damu Si Jina la Ugonjwa

Mtoto wa miaka minne ana homa wiki ya tatu sasa. Mara ya kwanza aliambiwa ni malaria, akapewa dawa mseto. Homa ikarudi, ikaitwa taifodi, kisha UTI. Mara ya nne majibu ya maabara yakaonyesha chembe nyeupe zimezidi. Mama akaelezwa kuwa mwanawe ana mchafuko wa damu, akakabidhiwa chupa ya antibayotiki. Hakuna aliyemvua mtoto shati akaona damu ilivyovilia mgongoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini aliyekuwa akikimbiza kuku uani sasa analia abebwe.

Mchafuko wa damu si ugonjwa. Ni maneno ya kufungia faili, na gazeti hili linataka yafutwe katika kila cheti cha mgonjwa.

Nyuma ya maneno hayo huweza kujificha saratani ya damu, ambayo huanzia kwenye uboho. Seli changa zisizokomaa huzaana hadi zikakosesha nafasi chembe nyingine. Ndiyo maana viganja na midomo hupauka, fizi na pua hutoka damu, homa haikomi, na mifupa huuma mpaka mtoto akachechemea. Mitoki, ini na bandama huweza kuvimba. Aina iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto huwapata hasa walio kati ya miaka 2 na 5, umri uleule ambao kwetu kila homa hupachikwa malaria.

Na majibu ya damu yana hila zake. Chembe nyeupe zinaweza kuwa nyingi mno, chache, au idadi ya kawaida kabisa. Anayetazama namba hiyo peke yake atadanganyika. Cha kumshtua tabibu ni himoglobini na chembe sahani kushuka kwa pamoja. Sahani za kawaida huanzia 150,000 kwa maikrolita. Ni kweli, malaria nayo huzishusha, lakini ikitibiwa hupanda upesi. Zisipopanda, kuna jambo, na kurudia kipimo baada ya matibabu ndiko tunakokukwepa.

Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa maisha mengi, hatukibezi. Lakini hutafuta malaria tu, chembe hakizioni. Zamani, mtaalamu wa maabara aliyeinamia hadubini kutafuta vimelea aliweza kukutana na seli za ajabu akashtuka. Leo katika vituo vingine hadubini imefunikwa kitambaa, na mashine inachapa namba zisizosomwa na mtu.

Kosa jingine halisameheki kirahisi: kumpa mtoto prednisoloni au deksamethasoni kwa maumivu ya viungo ambayo chanzo chake hakijajulikana. Dawa hizo za steroidi huua sehemu ya seli za saratani, mtoto akachangamka kwa muda, ushahidi ukafifia, ugonjwa ukarudi.

Wapo watakaosema wazazi huchelewa. Mama aliyefika mara nne hakuchelewa. Aliyechelewa ni aliyempokea.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza lengo la kuponya angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ifikapo 2030. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya asilimia 80. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Hospitali za rufaa za Muhimbili, Bugando na KCMC zinatibu watoto hawa, lakini haziwezi kumtibu ambaye hajafikishwa kwao.

Kwa hiyo tunaitaka Wizara ya Afya itoe agizo, si mwongozo wa kubandikwa ukutani. Mtoto anayerudi mara ya tatu kwa homa ileile, au aliyepauka huku damu ikimvilia, asiondoke bila picha kamili ya damu na slaidi iliyosomwa kwa jicho la mtu. Jina la aliyeisoma liandikwe. Zikionekana seli changa, hospitali ya rufaa ipigiwe simu siku hiyohiyo, kabla ya steroidi yoyote, na gari litafutwe na kituo, si na mama.