Tigre si mnyama wetu

Wapiganaji wa FNLC walioingia Shaba mwaka 1977, kisha Kolwezi mwaka 1978, walitokana na majandarme wa Katanga. Watu waliwajua kwa jina la "Tigres". Sisi wanafunzi wa lugha tujiulize: mama wa sokoni alielewa nini? Tigre haishi katika pori lolote la Afrika. Kiswahili humwita chui milia, yaani ili kumweleza ni lazima kwanza tumtaje chui wetu.

Wengine watasema Uingereza nayo haina simba, lakini ngao yake ina simba watatu. Ni kweli. Ila sisi hatukukosa cha kuchora. Bendera ya Katanga ya 1960 ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, umbo la pesa za wazee wetu. Machifu wa Waluba walivaa ngozi ya chui, na nembo ya taifa ya 2006 ina kichwa chake.

Alama ya kikosi humwambia raia ni nani anayekuja na bunduki. Asipoweza kuisoma, inabaki kumtisha tu. Kikosi kinachosema kinamlinda raia kichore kile anachokijua.