UCHAMBUZI: Rekodi za wanafunzi Garissa zisitegemee jengo moja

MAGAIDI wa al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa mnamo Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Chuo kilifungwa, na manusura wakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ili waendelee na masomo.

Msiba huo umejadiliwa sana kwa upande wa usalama wa watu, na ndivyo ipasavyo. Hata hivyo, una funzo jingine ambalo halijatiliwa maanani vya kutosha. Mwanafunzi anapolazimika kuhama ghafla, bila begi wala karatasi mkononi, kinachomwezesha kuanzia pale alipoachia ni rekodi: kozi alizosomea, alama alizopata na karo aliyolipa.

Wakati huo Garissa kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, ambacho ndicho kilichotoa shahada. Manusura, kwa hivyo, walikuwa na kwao kwa pili. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka wa 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Hiyo ni fahari kwa Kaskazini Mashariki, lakini fahari hiyo ina mzigo wake. Anayejitegemea hujiwekea akiba mwenyewe.

Isitoshe, ugaidi si hatari ya pekee. Mafuriko ya Mto Tana yaliikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi mnamo Novemba 2023, na tena Aprili 2024. Katika miezi ya kiangazi joto hupita nyuzi 35, na joto, vumbi na umeme unaokatika ghafla ni maadui wa diski za tarakilishi. Moto nao hauchagui baina ya karatasi na mitambo.

Wataalamu wa tarakilishi wana kanuni nyepesi: kila faili iwe na nakala tatu, zihifadhiwe katika vyombo vya aina mbili tofauti, na angalau nakala moja iwe mbali na chuo. Nakala iliyo katika chumba cha pili cha jengo lilo hilo haifai kuitwa akiba, kwani janga litakalochukua ya kwanza litachukua na ya pili.

Aidha, kunakili pekee hakutoshi. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kufunguliwa ni matumaini tu. Inafaa kila muhula msajili achague faili chache na kuamuru zirejeshwe kutoka kwenye akiba, aone iwapo zimekamilika.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pia inawabana wakuu wa taasisi. Inawataka wanaohifadhi habari za watu wazilinde zisipotee wala kuvuja, na inaweka masharti kabla ya habari hizo kupelekwa nje ya nchi. Chuo kinachokodi hifadhi ya mtandaoni hakina budi kujua mitambo hiyo iko wapi na ni nani mwenye funguo.

Katika eneo hili suala lenyewe lina uzito wa kipekee. Kwa miongo mingi vijana walihojiwa na kamati maalumu kuthibitisha uraia wao kabla ya kupewa kitambulisho, utaratibu ambao Rais William Ruto alitangaza kuufuta mnamo Februari 2025. Kwa jamii iliyozoea kudaiwa ushahidi wa karatasi kila hatua, cheti cha shule kimekuwa zaidi ya orodha ya alama. Kikipotea, na chuo nacho kikose nakala, kijana husimama mbele ya mwajiri akiwa na maneno matupu.

Mwanafunzi naye ana wajibu. Asitegemee simu moja wala diski moja ya mfukoni kubeba utafiti wa miaka minne.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakuu wa vyuo vya Garissa, Wajir na Mandera wanafaa kujiuliza swali moja: afisi ya msajili ikiteketea usiku wa leo, kesho asubuhi mwanafunzi ataanzia wapi? Asiye na jibu aanze kulitafuta kabla ya muhula kuisha.