Anayemwelekeza Mwenzake Kazini Alipwe na Nani?

Hapana siri iliyo wazi katika nchi hii kuliko namna kazi zinavyopatikana. Tangazo hutiwa gazetini, vijana kwa maelfu wakaandika barua za maombi, wakaambatisha nakala za vyeti, wakangoja. Wakati huo huo mfanyakazi mmoja wa kampuni iyo hiyo amekwisha kumnong'oneza binamuye kwamba pana nafasi, na binamu amekwisha kuonana na meneja. Wanafunzi wangu hulijua jambo hili mapema mno. Kila ninapowafundisha muundo wa barua ya kuomba kazi, hakosi mmoja wa kuniuliza, kwa adabu lakini kwa uchungu, iwapo pana mtu huko ofisini azisomaye barua hizo.

Kujuana ni kilio cha zamani, nami sikusudii kukirudia. Ninalotaka kulitazama leo ni pesa zinazopita katikati ya kujuana huko. Yako makampuni ambayo humlipa mfanyakazi wao kwa kumleta mtu anayefaa kuajiriwa. Wako madalali ambao humdai mtafuta kazi mwenyewe. Tena wako mawakala wanaolipwa kwa kila kichwa wanachokipeleka ng'ambo, nao huwagawia watu wao wa mashinani sehemu ya malipo hayo. Mambo haya matatu huitwa kwa majina yale yale: bakshishi, kamisheni, shukrani, chai. Kwa sababu ya kushirikiana majina, watu wengi huyakatia hukumu moja. Ama huyalaani yote kuwa ni mlungula, ama huyakubali yote kwa kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Naona hukumu zote mbili ni za pupa. Yafaa kwanza tuulize pesa hizo zatoka mfuko wa nani, zalipwa lini, na zalipiwa nini hasa.

Mwaka 1973 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Mark Granovetter, alitoa makala ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu wangali wanaisoma hadi leo. Alikuwa amewahoji wataalamu na mameneja wa mji wa Newton, jimbo la Massachusetts, akakuta kwamba zaidi ya nusu yao walizipata kazi zao kwa njia ya watu waliowajua. Hilo halimshangazi Mkenya. La kushangaza ni kwamba wengi hawakuelekezwa na rafiki wa chanda na pete, bali na mtu waliyekuwa wakionana naye mara moja moja tu. Sababu yake ni nyepesi: rafiki wa karibu hujua yale yale unayoyajua wewe, ilhali yule wa mbali huketi katika baraza nyingine, akasikia mengine. Nadhani hapa ndipo penye dhiki ya vijana wetu wa vijijini. Kijana ambaye jamaa zake wote hawana kazi hana baraza ya pili ya kwenda kusikiliza, hata awe na alama nzuri namna gani.

Waajiri wa Marekani waliliona jambo hilo, wakaanza kuwalipa wafanyakazi wao ili wazitumie baraza zao kwa faida ya kampuni. Mwaka 2000 wachunguzi watatu, Roberto Fernandez, Emilio Castilla na Paul Moore, walichapisha habari za kituo cha simu cha shirika moja la fedha. Mfanyakazi aliyemleta mtu alilipwa dola 250 endapo mtu huyo aliajiriwa na kudumu kazini kwa siku 30. Walipopiga hesabu waliona kwamba kila dola 250 zilizotumiwa hivyo ziliiokolea kampuni dola 416 za gharama za kutafuta na kuchuja watu. Basi tazama masharti yenyewe. Aliyelipa ni mwajiri, wala si mtafuta kazi. Malipo yalitolewa baada ya mtu kuingia na kudumu, si kabla. Tena aliyeleta mtu alibaki pale pale kazini, akionana kila siku na yule aliyemleta na kwa msimamizi wa wote wawili, hivyo aibu ya kumleta mvivu ingekuwa yake.

Lakini je, pesa humfanya mtu amchague aliye bora? Hapa tuna ushahidi kutoka India ambao naupenda kwa sababu unaugusa ubinadamu wetu sote. Wataalamu wawili wa uchumi, Lori Beaman na Jeremy Magruder, waliwaalika watu mjini Kolkata wafanye kazi fulani ya kupima akili kwa ujira, kisha wakawaomba kila mmoja alete mtu mwingine. Baadhi waliahidiwa malipo yasiyobadilika, yaani mlete yeyote nawe utalipwa. Wengine waliambiwa malipo yao yatategemea jinsi mgeni wao atakavyofanya kazi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Wale ambao malipo yao yalitegemea kazi ya mgeni walipunguza kuleta jamaa zao, wakawaendea zaidi wenzao wa kazini. Isitoshe, wale waliokuwa wameifanya vizuri kazi hiyo wao wenyewe ndio walioleta watu hodari, nao walifanya hivyo pale tu walipokuwa na sababu ya kufanya hivyo. Wale ambao wenyewe walikuwa dhaifu hawakuweza kumtambua aliye hodari hata kwa pesa.

Nami sielewi kwamba watu wa Kolkata walikuwa wabaya walipowaleta shemeji zao. Mtu mwenye nafasi moja mkononi na ndugu anayelala njaa nyumbani hana haja ya kufundishwa amchague nani. Damu ni nzito kuliko maji, na kumlaumu kwa hilo ni kumlaumu kwa kuwa mtu. Ninachokisema ni kwamba zawadi isiyouliza mgeni alifanyaje ilimlipa mtu kwa kutenda lile ambalo angelitenda bila kulipwa.

Hata hivyo, zawadi iliyotungwa kwa busara haiponyi kila ugonjwa. Beaman na Magruder, pamoja na Niall Keleher, walifanya jaribio jingine katika nchi ya Malawi, shirika moja lilipokuwa likiandika watu kazi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Wanaume walioombwa kupendekeza watu waliwapendekeza wanawake wachache mno. Haikuwa kwamba hawakuwajua wanawake wanaostahili, kwani walipoambiwa wazi walete mwanamke, waliweza kumleta mwenye sifa. Hata malipo yalipofungamanishwa na ubora wa mgeni, wanaume waliendelea kuwaita wanaume. Mwalimu wa kike anayeisoma safu hii pengine anatabasamu tu, maana hakuhitaji kusafiri hadi Malawi ili ajue hivyo.

Weka kabila mahali pa jinsia, nawe utaona kwa nini njia hii haifai katika ofisi za umma nchini mwetu. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 chataka uajiri katika utumishi wa umma ujengwe juu ya ushindani wa haki na ustahilifu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hairuhusu taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Ofisi ambayo kila aliyemo humwita amjuaye itapita thuluthi hiyo bila mtu hata mmoja kukusudia ubaya. Kampuni ya mtu binafsi ina uhuru zaidi, ingawa nayo ikizoea kuajiri kwa kunong'onezana, siku moja itaamka na kukuta watu wake wote hucheka kwa mzaha mmoja.

Sasa niiendee minyororo, yaani pale ambapo halipwi aliyemleta mtu peke yake, bali hulipwa pia aliyemleta yule mletaji. Mfano ulio safi kabisa ni wa mwaka 2009, wakati idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi ya Marekani, DARPA, ilipotundika maputo 10 mekundu katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo na kuahidi dola 40,000 kwa watakaokuwa wa kwanza kutaja mahali yote yalipo. Kikosi cha chuo cha MIT kilishinda katika muda usiofika saa 9. Mbinu yao ilikuwa hii: atakayeliona puto atapata dola 2,000, aliyemwalika huyo atapata 1,000, aliyemwalika mwalikaji atapata 500, na kuendelea hivyo kwa nusu nusu. Kwa kuwa kila hatua ni nusu ya iliyotangulia, malipo ya puto moja hayangeweza kuzidi dola 4,000 hata mnyororo uwe mrefu kiasi gani. Walimu wa hisabati watalipenda somo hili.

Mnyororo huo wafanana sana kwa sura na ile michezo ya upatu wa uongo iliyowafilisi Wakenya wengi miaka ya 2006 na 2007. Tofauti yake ni kwamba katika mnyororo wa maputo pesa zote zilitoka kwa mtoa zawadi, hakuna mshiriki aliyetoa kiingilio, na hapakulipwa hata senti ila puto limeonekana kweli. Katika upatu wa uongo, anayeingia leo ndiye anayemlipa aliyeingia jana. Kijana akiambiwa alipe ada ya kujiandikisha ili apewe kazi ya kuwaandikisha wengine, ajue kwamba hiyo si kazi na kwamba yeye mwenyewe ndiye bidhaa.

Huko nyuma niliwahi kuletewa barua na mtu aliyejiita wakala wa kazi za Ghuba. Aliahidi kunipa kiasi fulani cha shilingi kwa kila msichana aliyemaliza kidato cha nne ambaye ningemwelekeza kwake, naye alitumia neno hilo hilo, shukrani. Nilimjibu nikimtaka nambari yake ya usajili, nakala ya mkataba ambao msichana angetia sahihi, na nikamwomba malipo hayo yangojee miezi 6, hadi msichana atakapopiga simu mwenyewe kusema yu mzima na amelipwa mshahara. Sikupata jibu.

Watu wengi wangesema: lakini hapa analipa wakala, anayelipwa na mwajiri, wala msichana hatoi kitu, si ndivyo ulivyosifu? Hapa ndipo ninapokiri kwamba kanuni ya "mwajiri alipe" haitoshi peke yake, ijapokuwa ni kanuni njema. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala kumtoza mfanyakazi ada, kwa wazi au kwa kificho, isipokuwa katika hali chache maalumu. Sheria yetu ya Taasisi za Leba ya 2007 nayo yataka kila wakala wa kibinafsi asajiliwe. Lakini mwajiri wa Ghuba aliyelipa fedha nyingi ili aletewe mfanyakazi wa nyumbani huenda akajiona amemnunua. Chini ya utaratibu wa kafala, kibali cha mfanyakazi kukaa nchini hufungwa kwa mwajiri wake, na pasipoti mara nyingi hufichwa kabatini. Msichana akitaka kuondoka huambiwa arudishe gharama. Mageuzi ya sheria za kazi ambayo Saudi Arabia ilianza kuyatekeleza mwaka 2021, yaliyowarahisishia wafanyakazi wa kigeni kubadili mwajiri, hayakuwahusu watumishi wa nyumbani. Kwa hiyo yule aliyelipwa kwa kichwa huku kwetu hupata pesa zake siku msichana apandapo ndege, na yote yatakayomfika baadaye hayamhusu tena.

Serikali ilipiga marufuku kupelekwa kwa wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati mwaka 2014, kisha ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2017 kwa masharti mapya kwa mawakala. Masharti hayo humtazama mwenye ofisi, mwenye leseni ukutani. Humkosa yule shangazi wa kijijini, yule mwendeshaji bodaboda, yule mwalimu, ambao hawana ofisi ila wana kitu ambacho wakala hawezi kukinunua Nairobi: wanaaminiwa. Wala tusidhani kwamba elimu ni kinga. Mwaka 2022 Wizara ya Mashauri ya Kigeni iliwatahadharisha Wakenya juu ya kazi za uongo nchini Thailand. Waliozikubali walivushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kuwalaghai watu kwa njia ya intaneti. Miongoni mwao walikuwamo vijana wenye shahada.

Yapo mambo mawili ambayo shule na vyuo vyaweza kuyafanya bila kungoja Bunge. La kwanza, barua yoyote ya wakala itundikwe kwenye ubao wa matangazo jinsi ilivyo, pamoja na kile kiasi alichomwahidi mwalimu, ili mwanafunzi na mzazi wake wasome bei aliyotiwa mtoto wao. La pili, mwalimu anayeandika barua ya kumdhamini mwanafunzi asiwe na haki ya kupokea chochote kutokana na kuajiriwa kwake. Barua ya mdhamini ina thamani kwa sababu hailipiwi. Yule anayeisoma huamini kwamba mwalimu amesema alilolijua. Kampuni ikipenda kuushukuru mchango wa shule, na inunue vitabu vya maktaba, tena baada ya kijana kumaliza muda wake wa majaribio.

Kuhusu yule mwanafunzi anayeuliza kama barua yake itasomwa, huwa namjibu kwamba nyingine husomwa na nyingine hazisomwi, na kwamba aiandike vizuri vivyo hivyo. Kisha humwuliza amewaambia watu wangapi kwamba anatafuta kazi, hasa wale asioonana nao mara kwa mara: yule aliyesoma naye darasa la saba akahamia Nakuru, yule fundi aliyewahi kumsaidia kazi likizoni. Aghalabu hajamwambia hata mmoja, kwa kuona haya.