MBUNGE WA BUKENE NI MPAGAZI WA NANI?

Kijana wa Bukene, uwe umebaki pale stesheni kwenye reli ya Mwanza au umekimbilia Kariakoo kutembeza mitumba, nakuuliza swali moja tu: mbunge unayempigia kura ni wa nani? Simsemi mtu, nasema kiti. Na usikimbilie kujibu "ni wetu". Soma kwanza Katiba ya 1977, yenye viraka kuliko suruali ya mpiga debe.

Ibara ya 63 inasema Bunge litaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Maneno matamu! Sasa geuza kurasa ukione kiini macho. Ibara ya 55: mawaziri huteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa wabunge. Yaani anayetakiwa kuibana Serikali leo ndiye anayeomba kesho aitwe kwenye ulaji. Ibara ya 66: Rais anateua mwenyewe wabunge wasiozidi 10. Ibara ya 90: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Ibara ya 71: mbunge akikosa uanachama wa chama chake, kiti kimekwenda. Kura ni yako, kiti ni cha chama!

Na kisu hicho huchagua nyama. Mwaka 2020 Chadema iliwafukuza wabunge wake 19 wa viti maalumu. Waliendelea kukaa bungeni mwaka baada ya mwaka, Katiba ikitazama.

Mtasema Bunge liliwahi kuuma. Kweli. Februari 2008, Spika akiwa Samuel Sitta wa Urambo, mtoto wa Tabora hiyo hiyo, ripoti ya Kamati Teule kuhusu Richmond ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Malipo yake? Mwaka 2010 chama chake kikaamua kwamba Spika lazima awe mwanamke, na jina la Sitta likakatwa. Januari 2022 Spika Job Ndugai, baada ya kuzungumzia mikopo ya Serikali na kukaripiwa hadharani na Rais, alijiuzulu yeye. Mkuu wa mhimili mzima! Kama Spika anang'oka hivyo, mbunge wa kawaida wa Nzega atathubutu nini?

Dawa ilishaandikwa. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia Mchungaji Mtikila kwamba mgombea binafsi ni haki. Serikali ikakimbilia kubadili Katiba. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema hivyo hivyo, wakubwa wakaziba masikio. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka mawaziri wasiwe wabunge, na wananchi waweze kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano kwisha. Bunge Maalum la 2014 likakinyofoa kifungu hicho cha kumwondoa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo walalahoi tunasubiri.

Tuwakumbuke mababu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani karibu kilo 30 kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Hakuwa mjinga. Alipatana ujira kabla ya safari, na tajiri akimpunja posho, aliutua mzigo chini, msafara ukakwama. Mbunge wa leo posho anaipokea, lakini mzigo hautui hata ukimvunja mgongo mpiga kura. Hawezi, kwa sababu tajiri wake si wewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mgombea akija na kofia na kanga, usimwombe pilau wala usimuulize habari za kisima. Muulize hivi: utapiga kura mawaziri watoke bungeni? Utakubali mgombea binafsi? Utakubali sisi tukuondoe ukitusaliti? Akijiumauma, ujue huyo kashapata tajiri wake.

Katiba mpya si hisani ya mtu. Tuutue mzigo!