Kabla Hujawasha Kiberiti

Mwezi huu tunaanza kwa kuungama. Baba mkwe wetu alipofariki, tulisafisha chumba chake baada ya matanga. Alikuwa mhudumu wa zahanati kwa miaka mingi. Tulikuta sanduku la bati limejaa barua na madaftari, mengine yameliwa na mende. Tuliyamwaga yote shimoni tukayachoma, tukajiona tumefanya usafi. Mwaka jana daktari alituuliza ni ugonjwa gani uliowaua shemeji zetu wawili wakiwa watoto. Tulinyamaza. Aliyejua alikuwa ameandika, nasi tuliyachoma maandishi yake.

Tumelikumbuka jambo hilo tuliposoma habari za Daktari Louis Tompkins Wright, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Georgia mwaka 1891. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo. Mama yake, Lula, aliolewa tena na daktari William Fletcher Penn, na baba huyo wa kambo ndiye aliyemwonyesha njia.

Alipokuwa akisomea udaktari Chuo Kikuu cha Harvard, wenzake weupe walipelekwa hospitalini kujifunza kuzalisha. Yeye aliambiwa ajifunze kando, kwa daktari mweusi. Alikataa, akasema amelipa ada kama wengine. Wanafunzi wenzake walimuunga mkono, naye akaruhusiwa. Alihitimu mwaka 1915 akiwa wa nne darasani.

Sisi wauguzi tunapenda zaidi kisa kinachofuata. Zamani hizo kipimo cha dondakoo kilifanywa kwa kudunga sumu kidogo ya dondakoo katika ngozi na kungojea wekundu. Wataalamu walisema wekundu huo hauwezi kuonekana kwenye ngozi nyeusi. Wright, akiwa Hospitali ya Freedmen's mjini Washington, aliwapima wagonjwa weusi akaonyesha kwamba huonekana, mradi mtu aangalie vizuri. Mwaka 1917 matokeo yake yalichapishwa.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alivuta gesi ya sumu huko Ufaransa, na mapafu yake hayakupona kabisa. Hata hivyo aliingia Hospitali ya Harlem, New York, katika cheo cha chini kabisa, akapanda hadi kuwa mkuu wa upasuaji mwaka 1943. Kwa zaidi ya miaka 15, hadi kifo chake mwaka 1952, alikuwa pia mwenyekiti wa halmashauri ya NAACP, chama kilichopigania haki za watu weusi.

Yeye na mkewe Corinne walipata mabinti wawili, Jane na Barbara, na wote wakawa madaktari. Jane alitafiti dawa za saratani pamoja na baba yake, na baba alipofariki akashika nafasi yake. Mwaka 1961 alifika hapa kwetu Afrika Mashariki, akatibu wagonjwa wa saratani nchini Kenya. Kuanzia 1973 hadi 1984 alikuwa makamu wa rais wa AMREF, shirika lile la madaktari wa ndege.

Karatasi za Wright hazikuchomwa. Zimetunzwa katika vyuo vikuu vya Howard na Harvard, pamoja na kumbukumbu za maisha yake alizoandika mwenyewe. Mtafiti anayetaka kujua jinsi mtu mweusi alivyopata nafasi ya kushika kisu cha upasuaji katika hospitali ile, anazo za kusoma.

Labda utasema, mume wangu si daktari mashuhuri. Hata baba mkwe wetu hakuwa. Basi mama, fanya haya. Kadi za kliniki za watoto, vyeti na majibu ya hospitali viwekwe katika bahasha moja, mbali na unyevu na mchwa. Nyuma ya kila picha andika majina na mwaka. Andika katika daftari magonjwa ya ukoo na nani aliugua. Wazee wangali hai, keti nao uwaulize. Ukikuta maandishi yanayohusu wagonjwa wa watu wengine, hiyo ni siri. Usiyasome sebuleni, yarudishe zahanati.

Nasi tumeanza upya. Jumapili iliyopita tulimketisha mama mkwe barazani, tukashika kalamu. Majina ya wale watoto wawili anayakumbuka. Ugonjwa wao bado anaufikiria.

Tuonane mwezi ujao.