Acheni Kulifuta Gari Jeusi kwa Kitambaa Kikavu



Leo sina mshono mpya wa kuwaonyesha, nina ugomvi. Ugomvi wangu ni na kile kitambaa kinachokaa kwenye dashibodi ya gari la harusi, kile anachopewa shemeji dakika tano kabla bibi harusi hajatoka, aambiwe, "Hebu lifute vumbi haraka, wapiga picha wamefika." Shemeji anafuta kwa nguvu zote, gari linang'aa, vigelegele vinapigwa. Kesho yake jua likiwaka, mwenye gari anaona boneti imejaa mikwaruzo myembamba, imezunguka kama utando wa buibui. Nasema bila kuficha: tumeharibu mali ya mtu kwa ajili ya picha, na wanaotoa amri ile mara nyingi ni sisi wanawake.

Mimi ni fundi cherehani, niko Kagongwa, Kahama. Nashona magauni na abaya za harusi, napamba magari, na ninalo gari moja jeusi la kukodisha. Kwa hiyo vitambaa navijua, na vumbi nalijua zaidi. Kagongwa ni mji wa mpunga. Mashine zinakoboa, pumba zinapeperuka hewani. Barabara kuu inapitisha malori ya kwenda na kutoka bandari kavu ya Isaka, na magari yanayotoka upande wa machimbo yanakuja yamevaa vumbi jekundu la changarawe. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mvua hakuna, na gari ulilosafisha asubuhi mchana linaandikika kwa kidole.

Sasa sikilizeni vumbi hilo ni nini. Ndani yake mna punje za mchanga wa kwarzi. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, kwarzi ni 7. Chuma cha kisu cha kawaida hakifiki hapo, ni kama 5.5. Pumba za mpunga nazo zina silika nyingi, jamii moja na mchanga na kioo, ndiyo maana ukizichoma majivu yanayobaki karibu yote ni silika. Unapopitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi la namna hiyo hujafuta kitu, umepiga msasa. Wenzangu wa visiwani msitucheke. Mchanga wa ufukweni nao unakwaruza, na maji ya bahari yakikauka yanaacha punje za chumvi juu ya rangi.

Kinachokwaruzwa ni tabaka la juu kabisa lisilo na rangi, lile mafundi wanaloliita klia. Kwenye gari lililotoka kiwandani tabaka hilo mara nyingi ni jembamba kuliko unywele mmoja wa kichwani kwako. Mikwaruzo yenyewe haikukatwa kwa duara, imekwenda kila upande. Ila mwanga wa jua au tochi ukipiga, inayoonekana ni ile iliyoukingama mwanga tu, na jicho linaiona kama imezunguka taa. Ukitaka ushahidi, washa tochi ya simu usiku, isogeze karibu na mlango wa gari. Utaona mwenyewe.

Hapa wapo wanaosema, "Nyeusi si rangi ya huku kwetu, nunua jeupe upumzike." Hoja hiyo siikubali. Gari jeupe linakwaruzwa vilevile kwa kitambaa kile kile, ila linaficha. Jeusi linasema kweli tu. Wewe abaya yako nyeusi ikishika vumbi huiachi ukavaa nyeupe, unajifunza kuitunza. Unajua ukiipiga pasi upande wa nje bila kitambaa juu yake inatoa mng'ao mbaya usiotoka tena, kwa hiyo unaigeuza ndani. Mbona akili hiyo tunaiacha mlangoni tukilifikia gari?

Wengine wanasema, "Si atapiga polishi, litarudi jipya." Polishi ya kuondoa mikwaruzo haijazi chochote. Inapunguza klia iliyobaki mpaka ifike usawa wa chini wa mkwaruzo. Ni sawa na kusugua sabuni ya kipande: kila mara unabaki na ndogo. Ukifanya mara chache gari litavumilia, ukifanya kila baada ya harusi klia itaisha na rangi itapauka, na hapo dawa ni kupiga rangi upya. Zipo pia polishi za mafuta zinazojaza mistari kwa muda. Gari linang'aa siku moja, likioshwa mikwaruzo inarudi ilipokuwa. Dada unayenunua gari jeusi lililotumika, lione kwanza likiwa limeoshwa kwa sabuni, kwenye jua, usiridhike na mng'ao wa kivulini.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi: "Ni gari tu, tena tumelilipia." Hapana, dada yangu. Ulicholipia ni matumizi ya siku moja. Gari lenyewe ni amana mikononi mwako, na amana inarudishwa kama ulivyoipokea. Tunasimama kwenye ndoa kwa jina la Allah, tunaombewa baraka, huku nje mali ya Muislamu mwenzetu, au ya jirani asiye Muislamu, inaharibiwa na hakuna anayejali. Msimu mmoja gari langu lilirudi na mistari upana wa kiganja kwenye mlango wa nyuma, pale bibi harusi alipoegemea na abaya yenye mawe kiunoni. Nilipouliza nikaambiwa nina roho mbaya, nawaharibia furaha. Furaha yenu nani ameikataa? Ninachokataa ni furaha yenye bili anayoilipa mtu mwingine.

Basi gari jeusi linaoshwa hivi, na halihitaji utajiri.

Lioshe kivulini, likiwa limepoa, asubuhi ni bora. Sabuni na maji vikikaukia kwenye bodi ya moto vinaacha madoa. Kwanza mwagia maji bila kuligusa, vumbi na mchanga vishuke vyenyewe. Kisha chukua ndoo mbili: moja ya maji yenye shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Anza na paa, shuka chini, kwa mstari ulionyooka na mkono mwepesi. Kila ukimaliza sehemu, suuza kitambaa kwenye maji matupu kabla hujakirudisha kwenye sabuni. Ukitumia ndoo moja, mchanga uliotoa kwenye mlango unaupeleka kwenye boneti. Magurudumu na sehemu za chini yawe na kitambaa chao, kisipande juu kamwe.

Sabuni ya unga iacheni kwenye nguo. Inaondoa nta inayolinda rangi, na punje zake zisipoyeyuka vizuri zinakwaruza.

Kitambaa ndiyo kazi yangu, hapo nisikilizeni. Kanga kuukuu, fulana chakavu yenye mshono mnene, gunzi la sponji la vyombo, vyote havifai. Tumieni maikrofaiba yenye manyoya marefu, kwa sababu manyoya yale yanaimeza punje ndani badala ya kuiburuta juu ya rangi. Kateni lebo, na kingo zilizoshonwa kwa uzi mgumu zisiguse bodi. Kikianguka chini kisirudi kwenye gari mpaka kifuliwe. Kukausha, tandaza taulo laini kavu juu ya maji, ligandamize linyonye, usisugue. Likikauka, pakeni nta ya gari, vumbi la siku zijazo litatoka kwa maji kwa urahisi zaidi.

Mtaniambia maji huku ni ya taabu. Nakubali. Sisi tunategemea maji yanayovutwa kutoka Ziwa Victoria, yanachukuliwa Ihelele huko Misungwi, yanasafiri mpaka Kahama. Kwa hiyo sisemi mwachie mpira utiririke. Ndoo mbili na mwagio la kuanzia na la kumalizia vinatosha. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, chini ya lita moja. Uchache wa maji unadai utaratibu, haujawahi kutupa ruhusa ya kufuta kikavu.

Na siku ya harusi yenyewe, bibi harusi, panga mapema. Gari lioshwe mwisho, baada ya safari ya vumbi, karibu na nyumba unapotoka. Maua na riboni zipambwe juu ya bodi iliyooshwa tu. Riboni iliyofungwa juu ya vumbi inatetemeka na kusugua njia nzima hadi ukumbini. Maua yasifungwe kwa waya ulio wazi, na gundi ya karatasi isibandikwe kwenye rangi. Ukipiga picha simama karibu na gari, usiegemee, hasa kama mikono au mkanda wa vazi lako una mawe na shanga. Vumbi likishuka kabla ya picha, liache. Picha yenye vumbi kidogo haimdai mtu pesa.

La mwisho ni kwa sisi tunaolipa. Kijana wa kuosha magari tunampa pesa kidogo, tunamsimamia kichwani, tunamwambia afanye haraka, halafu tukiona mistari tunamtukana. Atapata wapi ndoo mbili na taulo safi kwa malipo yale na haraka ile? Muongeze kidogo, mpe muda, na kama ana kitambaa kimoja tu mpelekee cha kwako. Ujira wa haki ni sehemu ya kutunza gari, na ni sehemu ya dini yetu pia.

Mabibi harusi, ndoa zenu ziwe na baraka, amin. Na kile kitambaa cha kwenye dashibodi, kitoeni leo, kifutieni viatu.